Sijui kuandika programu. Nina nafasi gani kwenye hakathoni ya kupunguza kaboni?

Swali: "Mimi ni fundi wa majokofu na vyumba vya baridi, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Kijana mmoja tuliyefahamiana mtandaoni ameniomba nijiunge na timu yake kwenye hakathoni, yaani mashindano ya kubuni kitu kwa muda mfupi; hii ni ya saa 48 na itafanyika yote kwenye intaneti, mada ikiwa teknolojia za kupunguza kaboni. Wenzangu wanne wote ni waandishi wa programu. Mimi sijui hata mstari mmoja. Wazo walilolipenda ni langu: kifaa kidogo cha kumwonya mwenye chumba cha baridi kwamba gesi imeanza kuvuja, badala ya kuniita vitu vikiwa vimeshaharibika. Lakini nina mashaka. Gesi ya friji si moshi wala si kaboni, hatutaambiwa tuko nje ya mada? Wakituuliza tunaokoa tani ngapi, nijibu nini? Nikilieleza wazo mbele ya watu nisiowajua, si wataliiba? Na intaneti yangu ni ya kubahatisha. Niingie, au niwaachie vijana?"

Fundi, ingia. Nimekaa upande wa walezi wa timu na upande wa majaji kwenye mashindano ya aina hii, na hofu kama yako huwa naisikia kwa watu wa kazi za mikono: mafundi umeme, mafundi bomba, wakulima, watu wa majokofu. Wanadhani wanaitwa kwenye mtihani wa kompyuta ambao hawakuusomea. Nitajibu maswali yako yote, ingawa si kwa mpangilio uliouliza, na kuna mahali nitakuambia usimame kwanza ukamwone mtu ana kwa ana.

Ni kweli hakathoni zilianza kwa watu wa programu. Mwaka 1999 waendelezaji wa OpenBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, walikutana Calgary, Kanada, wakajifungia na kazi yao, na ni mwaka huo jina hili lilipoanza kushika. Siku hizi mlango ni mpana zaidi. Space Apps, hakathoni ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyoanza mwaka 2012, huwaita wanasayansi, wabunifu na wasimulizi sawa na inavyowaita waandishi wa programu. Kwenye mada ya kaboni uhitaji wa watu wa nje ya kompyuta ni mkubwa kupita kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafuzi hutoka kwenye tanuri, injini, shamba, bomba na kompresa (pampu ya gesi ya mtambo wa baridi). Kila mara huwa kuna timu kadhaa zenye programu ya simu ya kumwambia mtu amechafua kiasi gani kwa safari zake za wiki. Zinapendeza, na karibu zote zinafanana. Anayekosekana ni yule anayejua gesi inatokea kwenye nati gani, na kwa nini hakuna aliyeigundua mapema. Kwenye timu yenu mtu huyo ni wewe.

Tuanze na hili la kwamba gesi ya friji si kaboni, maana mkiingia nalo mtajitetea pale ambapo hakuna aliyewashtaki. Watu wanaposema "kupunguza kaboni" wanazungumzia gesi joto zote. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitaja sita: hewa ya ukaa, methani, oksidi ya nitrasi, na tatu zenye florini. Mojawapo ya hizo tatu ni familia ya HFC, ambayo wewe unaishika kila siku: R-134a, R-404A, R-410A. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana Kigali kuziingiza HFC kwenye Itifaki ya Montreal, ile ya mwaka 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, na marekebisho hayo yakaanza kufanya kazi Januari 2019. Hamko nje ya mada hata kidogo. Mko kwenye kona yake ambayo wengi hawaiangalii.

Kwa nini kilo chache za gesi zihangaikiwe na mikataba ya dunia nzima? Ardhi ikipata joto la jua hulirudisha juu kwa mionzi isiyoonekana. Mvuke wa maji na hewa ya ukaa hunasa sehemu kubwa ya mionzi hiyo, lakini kuna dirisha, takriban kati ya mikromita 8 na 12, ambamo mionzi hupenya kwenda anga za juu karibu bila kizuizi. Muungano wa kaboni na florini ndani ya molekuli za HFC hunasa mionzi katika dirisha hilohilo. Gesi kidogo inatosha kuleta athari kubwa kwa kuwa inaziba palipokuwa wazi. Tena haiondoki upesi: R-134a hudumu angani kwa wastani wa miaka 14 hivi.

Ili kuzilinganisha, wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, hukadiria kilo moja ya gesi fulani itapasha joto mara ngapi zaidi ya kilo moja ya hewa ya ukaa, kwa kipindi cha miaka 100. Kwa ripoti yao ya nne, ya mwaka 2007, R-134a ni mara 1,430, R-410A ni mara 2,088 na R-404A ni mara 3,922. Namba hizi hubadilika kidogo ripoti hadi ripoti. Ile ya R-134a ilishuka hadi 1,300 kwenye ripoti ya tano. Andikeni mmetumia ripoti ipi na msichanganye mbili kwenye hesabu moja.

Sasa chukua silinda ya kilo 10 ya R-404A. Ikiishia hewani yote, umetoa kiasi kilicho sawa na tani 39 za hewa ya ukaa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7. Silinda hiyo moja ni zaidi ya lita 14,000 za dizeli. Ukiishika silinda mbele ya kamera na kutaja lita hizo, hamtahitaji ile picha ya dunia inayowaka moto ambayo kila timu huiweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Swali la tani ndilo huziangusha timu nyingi, na huziangusha kwa namna ileile. Wanachukua gesi yote iliyomo kwenye mfumo, wanazidisha kwa 3,922, wanazidisha tena kwa idadi ya vyumba vya baridi vya nchi nzima, kisha wanatangaza mamilioni ya tani. Jaji mwenye uzoefu akifika hapo huweka kalamu chini. Hesabu inayokubalika ni tofauti ya hali mbili: ingekuwaje bila kifaa chenu, na inakuwaje kikiwepo.

Nikupe mfano, na namba hizi ni za mfano tu, wewe utaweka zako kutoka kwenye daftari lako la kazi. Tuseme chumba chenye kilo 20 za R-404A hupoteza kilo 5 kwa mwaka kabla mtu hajagundua. Kifaa hakizuii bomba kupasuka wala nati kulegea; kinachofanya ni kufupisha muda kati ya gesi kuanza kutoka na wewe kufika na vifaa vyako. Kama upotevu utashuka hadi kilo 2, mmeokoa kilo 3, yaani karibu tani 11.8 kwa mwaka kwa chumba kimoja. Ni namba ndogo, lakini akiuliza "mmeipataje?" unamjibu kwa sentensi tatu.

Upande wa umeme upo pia. Gesi ikipungua, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi kufikia baridi ileile. Tuseme kuvuja kunaongeza yuniti 2,000 kwa mwaka. Kaboni iliyomo kwenye yuniti hizo inategemea umeme unatoka wapi: wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo moja kwa yuniti, wa gesi asilia takriban nusu yake, wa maji au upepo kidogo sana. Kwa gridi ya nusu kilo kwa yuniti mnapata tani moja. Angalia uwiano huo: gesi karibu tani 12, umeme tani moja. Vijana wanne wasio na fundi wangetengeneza kitu cha kuokoa umeme, kwa sababu umeme una mita na gesi haina.

Kuna mtego hapa ambao wewe unaujua kuliko mimi. Mwenye chumba akipata onyo, atafanya nini? Wengi watakuambia "jaza tu gesi, tutaangalia baadaye". Ukijaza bila kuziba, kifaa chenu hakijapunguza chochote. Kimemkumbusha tu mteja kulisha tundu. Kwa hiyo usiwaache vijana waishie kwenye kengele. Waambie waongeze rekodi: kila kilo inayoingizwa kwenye mfumo iandikwe, tarehe iandikwe, na jumla ya mwaka imwonekanie mwenye mali kwa fedha na kwa tani. Mteja anayeona kwamba ameshanunua gesi ya kutosha kujaza mfumo wake mara mbili huanza kusikiliza habari za kuziba.

Majaji wanaweza kuuliza kama jambo hili lina mfano popote. Lipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 517 ya mwaka 2014 ilitaka mifumo ya majokofu yenye gesi iliyo sawa na tani 500 za hewa ya ukaa au zaidi iwe na kifaa cha kugundua uvujaji, na iliyo chini ya hapo, kuanzia tani 5, ikaguliwe kwa vipindi. Kwa R-404A, tani 500 ni kama kilo 127. Chumba chetu cha kilo 20 ni tani 78, ambacho kwa kanuni ile kilitakiwa kukaguliwa kila miezi 6. Miezi 6 ni mingi kwa nati iliyolegea. Mifumo ya kati na midogo ndiyo nafasi yenu, na mkisema hivyo mtakuwa mmeonyesha kwamba mmesoma kabla ya kubuni.

Sasa kifaa chenyewe. Wenzako watapendekeza sensa ya kunusa gesi, na wazo si baya, ila gesi nyingi hutokea nje kwenye kondensa (sehemu inayotoa joto la mtambo) ambako upepo huichukua papo hapo, na ndani feni huitawanya. Njia ya pili ni kusoma dalili: joto la bomba linalorudi kwenye kompresa, joto la koili, mkondo wa umeme, muda ambao kompresa inafanya kazi. Sensa zake hufungwa nje ya bomba, hazihitaji kukata kitu. Watakimbilia supahiti, yaani joto linaloongezeka kwenye gesi baada ya kumaliza kuchemka ndani ya koili, kwa sababu ndiyo wataikuta ikielezwa kila mahali. Hapo uwasimamishe. Kwenye mfumo wenye risiva (tangi la akiba ya gesi) na vali ya upanuzi (inayopima gesi inayoingia kwenye koili), risiva hutoa akiba yake gesi inapopungua na vali hujifungua zaidi kufidia. Supahiti inakaa palepale huku gesi ikiondoka. Siku ikianza kupanda, risiva imeshakauka, na kifaa kitalia karibu wakati uleule ambao mteja angekupigia simu. Kinachoshuka mapema ni kiwango cha gesi iliyo kimiminika ndani ya risiva. Kwenye mifumo midogo ya kapilari (bomba jembamba badala ya vali) isiyo na risiva mambo ni tofauti: upungufu mdogo tu huonekana haraka. Chagueni aina moja ya mfumo na mseme wazi kwamba mmechagua hiyo.

Kitu kingine kidogo, na nimeona timu ikikwama hapa usiku kucha. Mwandishi wa programu akiangalia grafu ya joto ataona linapanda ghafla kila baada ya saa kadhaa, kisha linashuka. Atadhani gesi inavuja, au atadhani sensa ni mbovu. Kumbe ni koili inayeyusha barafu, kama ilivyopangwa. Atakutana pia na mlango ulioachwa wazi wakati wa kupakua, na mzigo wa moto ulioingizwa asubuhi. Kaa naye nusu saa mkitazama grafu moja, mwonyeshe: hapa barafu, hapa mlango, hapa mzigo, hapa ndipo kuna tatizo la kweli. Hiyo nusu saa ina thamani kuliko mistari elfu ya programu, kwa sababu kifaa kinachopiga kelele za uongo kila siku huzimwa kabla ya wiki kwisha.

Usihangaike kwamba hamna kifaa halisi mkononi. Kwa saa 48 watu hukubali mfano wa majaribio. Kuna tovuti kama Wokwi ambako vijana wanaweza kuiga vidhibiti vidogo vya aina ya ESP32 pamoja na sensa za joto bila kununua chochote. Hesabu ya tani inaweza kukaa kwenye jedwali la kawaida la Excel. Kama una karatasi za joto la chumba kimoja hata kwa wiki moja, zipige picha sasa hivi, kabla ya mashindano, na wao waziingize. Data ya kweli ya chumba kimoja itawabeba zaidi ya data ya kubuni ya vyumba mia. Palipo na data ya kubuni, andikeni juu ya grafu kwamba ni ya kubuni. Jaji akigundua mwenyewe, hamtaaminiwa tena hata kwenye yaliyo kweli. Mwombe mwenye chumba ruhusa, na ufute jina lake. Kama umeajiriwa na rekodi ni za mwajiri, ruhusa ni yake.

Na tafadhali, msifungue vali mkamwaga gesi ili video ipendeze. Nimeshaona pendekezo hilo likitolewa kwa nia njema kabisa. Mtakuwa mmechafua kwa dakika moja kiasi mnachodai kuokoa, mbali na kwamba gesi hii nzito ikikaa chini kwenye chumba kilichofungwa huwanyima watu hewa ya kuvuta. Dalili za upungufu zinaweza kuigwa kwenye kompyuta.

Swali gumu kuliko yote mtakaloulizwa ni hili: kwa nini msibadilishe gesi yenyewe? Propani, yaani R-290, ni karibu mara 3 tu ya hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa yenyewe hutumika kama gesi ya friji kwa jina la R-744. Usilikwepe. Kwa mtambo mpya, kubadili ndiyo njia bora na useme hivyo waziwazi. Kifaa chenu ni kwa ajili ya mitambo iliyokwisha kufungwa, ambayo itafanya kazi kwa miaka mingi bado, na ambayo haiwezi tu kumiminiwa gesi nyingine. Kuna pingamizi la haki pia: kifaa kizuri kinaweza kumfanya mwenye mali akae na mtambo wa R-404A muda mrefu kuliko ambavyo angekaa. Sina jibu safi la pingamizi hilo, na ningependa timu inayolitaja yenyewe kuliko inayolificha. Ile rekodi ya kilo zilizojazwa husaidia hapo, kwa kuwa humwonyesha mtu ni lini mtambo wake umekuwa ghali kuliko mpya.

Kuhusu kuibiwa wazo. Sheria ya hakimiliki hulinda kitu kilichokwisha kuandikwa au kuchorwa: programu, michoro, video yenu. Wazo tupu hailindi. Kinachoweza kulinda namna ya kufanya kazi ni hataza, yaani haki anayopewa mbunifu juu ya ubunifu wake, na hataza hutaka jambo liwe jipya. Katika nchi nyingi ukishalieleza hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, upya wake umekufa, hata kama aliyelieleza ni wewe mwenyewe. Marekani hutoa mwaka mmoja wa msamaha kwa mbunifu mwenyewe. Ulaya kwa kawaida haitoi. Kwa hiyo jiulize una nini hasa. Kifaa cha kuonya kuhusu uvujaji si kigeni duniani, na sidhani kuna hataza ya kupoteza hapo. Ila kama umegundua namna yako ya kusoma kiwango cha risiva kutoka nje bila kulitoboa tangi, jambo ambalo hujaliona popote, basi hilo usilitaje kwenye video. Elezeni tatizo, onyesheni matokeo, mengine muyaweke kando hadi umwone mtaalamu wa hataza.

Soma kanuni za mashindano kabla ya kubonyeza "nakubali", hasa kipengele cha umiliki. Baadhi huacha kila kitu kwa timu, baadhi hutaka mradi utolewe kwa leseni huria, wachache hujipa haki ya kuutumia. Leseni ya MIT humruhusu mtu yeyote kuitumia programu yenu mradi abaki na tamko lenu la hakimiliki, Apache 2.0 huongeza kwamba mnatoa pia ruhusa ya hataza zenu zinazohusika na mlichochangia. Vijana watachagua moja kwa mazoea bila kufikiri, kwa hiyo waulize. Andikeni pia ukurasa mmoja miongoni mwenu: nani yumo, zawadi ikija inagawanywaje, mradi ukiendelea nani anabaki. Wanne wanafahamiana na wewe ni mgeni. Karatasi hiyo inakulinda wewe kuliko wao. Mashindano yakikudai ada ili upewe zawadi uliyoshinda, funga ukurasa uondoke.

Intaneti dhaifu haikuzuii. Kubalianeni mapema kwamba maamuzi yote yataandikwa kwenye kundi moja la ujumbe, si kwenye simu za video tu, ili ukipotea saa mbili urudi ujue kilichoamuliwa. Ujumbe wa sauti unatosha kwa mengi unayoyajua. Sehemu yako ya video jirekodi kwa simu mchana kwenye mwanga, uitume usiku ambao mtandao una nafuu. Kupakia video kubwa katika nusu saa ya mwisho ni kamari, hata kwa mwenye intaneti nzuri. Kwenye majukwaa kama Devpost mnaweza kuwasilisha mapema kisha mkaendelea kurekebisha hadi muda ufungwe, kwa hiyo wekeni hata kilichokamilika nusu. Na muangalie saa. Muda wa mwisho mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: 23:59 ni saa tano na dakika 59 usiku kwa UTC, na pale ulipo inaweza kuwa alfajiri ya siku nyingine au bado mchana. Badilisheni mara moja, muiandike saa hiyo juu kabisa ya kundi.

Kama huwezi kuziacha kazi zako siku mbili, usijilazimishe. Omba kuwa mshauri: saa mbili za mwanzo kuchagua tatizo, saa moja katikati kukagua hesabu, saa moja mwishoni kusikiliza uwasilishaji. Ubaya wake ni kwamba mshauri mara nyingi hahesabiwi kwenye zawadi, na timu ikibadilisha wazo usiku wa manane hutakuwepo kuwazuia. Ningekuwa wewe, ningeingia kama mwanatimu kamili na ningelala usiku. Saa 48 si lazima ziwe za macho.

Usitegemee kipato. Zawadi nyingi ni ndogo, mara nyingine ni huduma za kompyuta ambazo wewe hutazitumia, na miradi mingi huishia siku ya matokeo. Unachoweza kutoka nacho ni watu wanaojua kazi yako ina thamani gani, pamoja na jedwali la hesabu utakaloweza kumwonyesha mteja. Mkitaka kuendelea, fungeni kifaa kwenye chumba kimoja tu, cha mteja anayekuamini, kwa msimu mzima wa joto, na muandike kila kilichotokea pamoja na kelele za uongo.

Hapo ndipo watu wa ana kwa ana wanaingia. Kufunga sensa ya mkondo kwenye paneli ya umeme wa njia tatu ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, hata kama kwa macho inaonekana ni kubana kishikio tu. Chochote kinachohusu propani au gesi nyingine inayowaka kinahitaji mtu aliyefundishwa kazi hiyo na mtambo uliotengenezwa kwa ajili yake; usiijaribu kwenye mfumo wa R-404A kwa sababu mtu kwenye kundi ameandika kwamba inawezekana. Na nenda kwenye ofisi ya ozoni ya nchi yako. Itifaki ya Montreal imeridhiwa na nchi zote za dunia, na katika nchi nyingi kuna kitengo cha ozoni, kwa kawaida ndani ya wizara au mamlaka ya mazingira. Waulize mambo mawili: gesi zipi zinaingizwa nchini na kwa kiasi gani, na ratiba ya kuzipunguza ikoje. Namba zao rasmi zitachukua nafasi ya makisio mliyotumia, na mara nyingi haohao ndio wanaojua ni mafunzo gani ya mafundi yanakuja.